STENTI KICHWANI HAITOSHI BILA VIDONGE

Mfanyakazi mwenzetu, nawe mama wa nyumbani, someni hii pamoja.

Mshipa wa damu kichwani unaweza kudhoofika upande mmoja, ukavimba kama kifuko. Ugonjwa huo ni anevrismu. Kifuko kikipasuka, kichwa kinauma ghafla kuliko siku zote, na wengi wanafariki. Tangu 1990, munganga Guido Guglielmi alipoanza huko Los Angeles, Marekani, kujaza kifuko kwa nyuzi za platini zinazopitishwa ndani ya mishipa, si kila mgonjwa anayefunguliwa fuvu. Kifuko chenye mdomo mpana mara nyingi huwekewa pia stenti, kijibomba cha wavu wa chuma kinachobaki ndani ya mshipa, kama miti tunayosimamisha mgodini ili udongo usianguke.

Lakini damu huganda upesi juu ya chuma kipya. Ikiganda wakati wa operesheni, munganga anaiona kwenye picha na kutia dawa palepale. Ikiganda nyumbani, mdomo unapinda, mkono unalegea, maneno yanapotea. Kwa hiyo mgonjwa hupewa aspirini pamoja na klopidogreli, mara nyingi miezi 3 hadi 6, kisha aspirini peke yake kwa muda mrefu zaidi.

Hatari ni hii: mgonjwa anarudi Alunguli, anajisikia mzima, pesa zimekwisha, anaacha vidonge. Ni sawa na kuondoa mti chini ya paa la mgodi.

Maoni yetu: anayelipa safari na operesheni bila kulipa vidonge amefanya nusu ya kazi. Vidonge vya miezi yote viwekwe hapa Alunguli, visingoje mtumbwi kutoka Kasuku. Naye kapita asimpe mgonjwa kazi ya hatari, maana kwa dawa hizi hata jeraha dogo linatoka damu nyingi.

Kumbukeni:

1. Vidonge ni kila siku. Asiache bila neno la munganga.

2. Asinunue ibuprofeni wala diklofenaki sokoni. Zinaongeza kutoka damu.

3. Kabla ya kung'oa jino, aseme kwamba ana stenti.

4. Choo cheusi, kichwa kuuma ghafla, mkono kulegea: hospitali mara moja, hata usiku.

5. Tumbaku iachwe, presha ipimwe.

Mama, hesabu vidonge vilivyobaki leo jioni. Vikikaribia kwisha, usingoje kesho kusema.