Asikilizwe kabla ya kurudishwa

Januari 2011, Uingereza ilikuwa tayari kumrudisha Uganda mwanamke aliyeomba hifadhi kwa kuwa anapenda wanawake. Maelfu walitia saini kumtetea. Mahakama ikazuia safari dakika za mwisho. Siku mbili kabla, mtetezi wa haki za wapenzi wa jinsia moja, David Kato, aliuawa nyumbani kwake Mukono, Uganda. Hofu ya mama huyo ilikuwa ya kweli.

Hapa Tanzania, Kasulu na Kibondo, tumewapokea wakimbizi Warundi katika kambi za Nyarugusu na Nduta. Burundi ilifanya mapenzi ya jinsia moja kuwa jinai mwaka 2009, na sheria yetu nayo ni kali. Mwanamke kama huyo kambini atamweleza nani? Mkataba wa Wakimbizi wa 1951, ambao Tanzania imeuridhia, unakataza kumrudisha mkimbizi hatarini. Basi ahojiwe faragha, siri yake itunzwe, kabla jina lake halijaingia kwenye orodha ya wanaorejea Burundi.