Baiskeli za zamani: Tusimtenge mtoto na mzazi kwa sababu ya tairi

Msomaji mmoja wa Moshi ameniletea swali ambalo nadhani linawagusa wazazi wengi. Ana baiskeli ya Raleigh aliyorithi kwa baba yake, ile nyeusi yenye breki za vyuma na karia nyuma. Mwanawe wa miaka 13 ana baiskeli ya milimani ya mtumba, tairi pana, gia nyingi. Kila Jumamosi asubuhi wawili hawa hutoka na kikundi cha majirani wanaopenda baiskeli za zamani.

Sasa kikundi kimekua na baadhi ya wanachama wanataka kigawanywe. Wa barabarani wabaki na Jumamosi, wa milimani wahamie Jumapili. Baba huyu Jumapili yuko kazini. Wakigawana, anasema, yeye na kijana wake watakuwa wanapishana mlangoni. Anauliza kama kiafya ipo sababu ya kuwatenganisha.

Jibu langu fupi ni hapana. Yapo mambo ya kutenganisha, lakini siyo siku na siyo watu.

Wanaotaka kugawana wana hoja

Tuwatendee haki kwanza. Baiskeli ya barabarani ina tairi nyembamba zinazojazwa upepo mwingi. Inateleza vizuri kwenye lami, lakini kwenye mawe inamtikisa mtu mpaka meno. Ya milimani ina tairi pana zenye meno, imetulia kwenye kokoto, ila kwenye lami inakula nguvu. Ukiziweka kwenye msafara mmoja wa masafa marefu, mmoja atakuwa anasubiri na mwingine anahema.

Hata vipuri havifanani. Tairi ya inchi 26 ya baiskeli ya milimani haiingii kwenye rimu ya inchi 28 ya Raleigh au Phoenix. Anayetafuta raba za breki za vyuma hana faida na mazungumzo ya gia 21.

Hoja hizo ni za kweli. Ila ukizitazama vizuri, zote zinahusu njia, mwendo na vipuri. Hakuna hata moja inayosema baba na mtoto wasitoke pamoja.

Zamani mpaka huu haukuwepo

Anayependa baiskeli za zamani anapaswa kuwa wa mwisho kuweka ukuta huu, maana historia yenyewe inaupinga. Mwaka 1910 mashindano ya Tour de France yalipopandishwa mara ya kwanza kwenye milima mirefu ya Pyrenees, waendeshaji walivuka kilele cha Tourmalet, zaidi ya mita 2,100 juu ya bahari, kwa njia za udongo na mawe. Tena gia za kuhamisha cheni hazikuruhusiwa kwenye mashindano hayo mpaka mwaka 1937. Zilikuwa baiskeli za barabarani, lakini barabara yenyewe ilikuwa mlima.

Baiskeli ya milimani nayo ilizaliwa kutokana na baiskeli kuukuu. Miaka ya 1970, vijana wa Marin, kaskazini mwa San Francisco nchini Marekani, walichukua baiskeli nzito za miaka ya 1930 na 1940 na kuanza kushuka nazo milima. Kadhaa kati yao walikuwa washindani wa barabarani. Mwaka 1976 walianzisha mashindano yaliyoitwa Repack, jina lililotokana na breki za nyuma kupata moto mkali hadi grisi ikaungua, ikabidi ijazwe upya baada ya mteremko. Mwaka uliofuata mmoja wao, Joe Breeze, alianza kutengeneza fremu maalumu kwa kazi hiyo.

Nchini Italia, tangu 1997, matembezi ya L'Eroica huwakusanya wenye baiskeli za barabarani zilizotengenezwa kabla ya 1987. Wanapita wapi? Kwenye barabara nyeupe za vumbi za Toscana.

Na sisi hatuna haja ya kwenda mbali. Phoenix iliyobeba ndizi, mkaa na mgonjwa kijijini haikuwahi kuuliza kama njia ni ya lami.

Mwili wa mtoto unataka vyote viwili

Shirika la Afya Duniani (WHO) linashauri mtoto wa miaka 5 hadi 17 apate wastani wa dakika 60 kwa siku za mazoezi ya kumfanya ahema. Safari ndefu kwenye njia laini humjengea pumzi na moyo. Njia ya milimani humfundisha kusawazisha mwili, kutumia mikono na mabega, kuona jiwe kabla ya kulifikia na kufunga breki bila kuogopa. Ujuzi huo wa pili ndio utakaomsaidia siku bodaboda itakapomkatiza ghafla barabarani.

Madaktari wa watoto wa Marekani, kupitia chama chao AAP, walishauri mwaka 2016 kwamba kwa michezo mingi ni vyema mtoto asifungwe kwenye mchezo mmoja kabla ya kufika miaka 15 au 16. Kurudia mwendo uleule kila wiki huchosha viungo vilevile, na pia humchosha mtoto akili, akauacha mchezo. Mtoto wa miaka 13 hajafika umri wa kuambiwa yeye ni wa milimani tu.

Wala mchanganyiko haumzuii kufika mbali. Mfaransa Pauline Ferrand-Prévot mwaka 2015 alikuwa bingwa wa dunia wa barabarani, wa milimani na wa mbio za matopeni kwa wakati mmoja. Mwaka 2024 alichukua dhahabu ya Olimpiki ya milimani mjini Paris, na mwaka 2025 akashinda Tour de France ya wanawake.

Niongeze jambo moja ambalo wapenda baiskeli hulisahau. Baiskeli haiipi mifupa uzito wa kubeba kama kukimbia au kuruka. Mwache mtoto acheze pia mpira na kuruka kamba.

Yanayopaswa kutenganishwa

Kwanza, njia. Kwa mujibu wa WHO, ajali za barabarani ndizo zinazoongoza kuua watu wa miaka 5 hadi 29 duniani. Hivyo mtoto asiingizwe kwenye barabara kuu ya malori kwa sababu tu kikundi ni cha barabarani. Ajifunze kwanza kwenye njia za ndani na za mashambani.

Pili, mwendo. Wanaotaka kasi wapewe muda wao baada ya msafara wa pamoja. Kikundi kinaweza kutoka pamoja Jumamosi, kwenda taratibu nusu saa ya kwanza, kugawanyika kwenye njia panda, kisha kukutana kwa chai. Kila upande uwe na mtu mzima mbele na mwingine nyuma.

Tatu, ukaguzi. Hapa baiskeli ya zamani inahitaji jicho kali kuliko mpya:

• Rimu za chuma zinazong'aa, kama za Raleigh na Phoenix nyingi za zamani, hushika breki vibaya zikilowa. Mvua ikinyesha, punguza mwendo mapema au shuka usukume.

• Mkono wa breki uwe karibu na vidole vya mtoto. Baiskeli nyingi kuukuu zilitengenezwa kwa kiganja cha mtu mzima. Akishindwa kuivuta akiwa amesimama, mtelemkoni atashindwa zaidi.

• Akisimama juu ya fremu, nyayo zote mbili zikae chini. Usimnunulie kubwa kwa kusema atakua nayo.

• Raba za breki zilizokauka na tairi zenye nyufa zibadilishwe, hata kama baiskeli haijatembea miaka mingi.

• Helmeti isiwe ya zamani. Baiskeli irithiwe, helmeti inunuliwe mpya, na ikishagongwa itupwe.

Kwa baba wa Moshi, peleka hoja hizi kwenye kikao chenu kabla ya kura kupigwa. Mnaweza kuwa na mafundi wawili, orodha mbili za vipuri na njia mbili, mkabaki na Jumamosi moja. Wakikataa, usimwachie kijana aende peke yake Jumapili halafu mkae mkisubiri likizo. Tafuteni jioni moja katikati ya wiki, hata nusu saa, mwendeshe mitaa ya nyumbani.

Mtoto wa miaka 13 anaanza kuongea kidogo nyumbani, kila mzazi mwenye kijana anajua. Kwenye baiskeli, mkiwa bega kwa bega kwenye njia tulivu isiyo na magari, husema mambo ambayo mezani hayasemi. Hiyo nayo ni afya.