Urithi wa baba, mkono wa Esakki

KITI CHA NYUMA
Na Athumani Mbegu

Kwenye vibanda umiza kuna kanuni isiyoandikwa popote: steringi hafi, na adui mkuu hafi mpaka dakika za mwisho. Hapo katikati watu wamelipia ngumi. Maongezi ya baba na mwana, harusi na msiba mtafsiri huvipitia mbiombio ili awahi kurudi kwenye mapanga. Simlaumu, maana naye anatafuta riziki. Lakini iko filamu moja ya Kitamil ambayo ukiitazama kwa mtindo huo utaona ugomvi tu, kesi yenyewe ikupite. Wiki hii naisema hiyo, pamoja na nyingine iliyokuja kuijibu miaka 31 baadaye.

Inaitwa Thevar Magan, yaani mwana wa Thevar. Ilitoka Oktoba 1992, msimu wa Diwali. Kamal Haasan aliiandika, akaigharamia, na akacheza yeye mwenyewe kama Sakthivel. Mwongozaji alikuwa Bharathan, muziki ukawa wa Ilaiyaraaja. Baba mtu ni Sivaji Ganesan, gwiji aliyeanzia Parasakthi mwaka 1952 na ambaye kufikia hapo alikuwa na miaka 40 mbele ya kamera. Ilichukua tuzo ya taifa ya filamu bora ya Kitamil, na India ikaichagua kuiwakilisha kwenye Oscar. Wewe uliyekua na kanda za video za miaka ya tisini huenda hadithi hii unaijua kwa Kihindi: Virasat ya 1997, Anil Kapoor akiwa mwana, Amrish Puri baba.

Kijana anarudi kutoka masomoni London, nywele ndefu, mchumba pembeni. Kijijini amekuja kusalimia tu. Mawazo yako Chennai, anakotaka kufungua migahawa. Baba yake ndiye mkubwa wa kijiji, neno lake ndilo la mwisho. Upande wa pili yuko binamu, Maya, anayechezwa na Nassar. Baba zao ni ndugu wa baba mmoja, mama mbalimbali, na uhasama ulianzia kwa wazee hao. Vijana wameupokea pamoja na mashamba.

Kuna mazungumzo ya baba na mwana ambayo Watamil wanayakariri mpaka leo. Kijana amechoshwa na watu hawa wa mapanga, anataka kuondoka. Mzee hakatai kwamba ni wakaidi na wakali. Anachosema, kwa ufupi, ni kwamba mti ukipandwa leo anayepanda hali matunda yake. Atakula mwanawe, au mwana wa mwanawe. Kazi ya anayepanda ni kupanda. Sivaji anayasema hayo bila kupaza sauti, na kijana anakosa jibu. Mtafsiri akiruka hapo, filamu nzima imerukwa.

Nasema hivyo kwa sababu ya kufuli.

Sakthi anazunguka kijiji na mchumba wake, wanafika kwenye hekalu la zamani. Limefungwa kwa amri ya upande wa Maya. Yeye anataka kuingia, na rafiki yake wa utotoni, Esakki, anavunja kufuli. Kwa kijana wa London hilo ni jambo la dakika mbili, tena la kufurahisha. Ana tiketi mfukoni, kesho hayupo. Esakki hana pa kwenda. Watu wa Maya wanamkata mkono.

Esakki amechezwa na Vadivelu, kijana mchekeshaji ambaye wakati huo alikuwa bado anajitafutia jina. Anachekesha kweli, hata baada ya kukatwa mkono bado anatania, na hapo ndipo inapouma. Mkono ule haukuwa na kesi na mtu. Aliyetaka hekalu lifunguliwe ni mtoto wa mkubwa, aliyelifunga ni mtoto wa mkubwa mwingine, na aliyelipa ni mtu ambaye katika urithi huo hana hata kipande.

Kuanzia hapo filamu inaorodhesha waliolipa. Sakthi anapopata kibali cha kisheria cha kufungua hekalu kwa watu wote, Maya anaona ameshindwa, anatuma watu walipue tuta linalozuia maji. Nusu ya kijiji inafurika na watoto wanakufa. Tumezoea kusema wapiganapo tembo nyasi huumia, tunasema na kupita. Hapa kamera haipiti. Sakthi anasimama mbele ya maiti ya mtoto mchanga, na zile safari za Chennai zinakwisha palepale.

Kikao cha wazee kinaitishwa, hakuna anayethubutu kutoa ushahidi. Mzee anarudi nyumbani ameaibishwa, na haishi muda mrefu baada ya hapo. Anayefuata kutokea mlangoni ni Sakthi, kanyoa zile nywele ndefu, kavaa msuli mweupe, sharubu zimekolea kama za marehemu. Kwenye kumbi za Tamil Nadu watu walishangilia hapo. Mtoto wa nyoka ni nyoka, kumbe ndiye!

Mimi hapo ndipo huwa naanza kuogopa. Huyu alikuwa na mpango wake wa maisha, sasa anavaa mpango wa mtu mwingine. Hata ndoa hakuichagua. Anamtafutia mchumba Panchavarnam, binti wa mtu anayehitajika kufungua njia ya kijiji iliyozibwa. Siku ya harusi bwana harusi anakimbia kwa kumhofia Maya, na Sakthi anamwoa yeye mwenyewe ili binti asiaibike. Revathi, aliyecheza binti huyo, alipewa tuzo ya taifa ya mwigizaji msaidizi bora wa kike, na alistahili. Kwa uso wake peke yake unajua kuwa yeye na yule mchumba wa London nao wameingia kwenye orodha ya waliolipa.

Sasa njoo mwishoni. Bomu limelipuka kwenye gari la sherehe ya hekalu, watu wamekufa, kijiji kizima kinamsaka Maya. Sakthi anamwokoa mikononi mwa umati, anamsihi ajisalimishe. Maya hataki. Wanakabana, na katika kukabana huko Sakthi anamuua.

Kwa kanuni ya kibanda umiza hapo taa zingewashwa, adui kesha kufa. Lakini kinachofuata ndicho kilichonifanya niandike. Wanakijiji wanamzunguka Sakthi na kugombea kesi. Mmoja anasema atakwenda jela yeye, mwingine naye yuko tayari, wote wako tayari kumwambia polisi kwamba wao ndio wameua. Wanafanya hivyo kwa mapenzi.

Hapo ndipo urithi wa mzee unapoonekana ulivyo. Kitu kikubwa alichoachiwa Sakthi ni watu walio tayari kulipa badala yake. Mashamba, nyumba na sharubu ni mapambo tu. Ukubwa wote wa ukoo umejengwa juu ya kulipiwa: Esakki akatoa mkono, kijiji kikatoa watoto, na sasa mtu mwingine atoe miaka yake jela. Sakthi anakataa. Anawaambia waweke mapanga chini, wapeleke watoto shule, kisha anakwenda mwenyewe kwa polisi. Kwa mara ya kwanza katika ukoo ule, deni linalipwa na aliyekopa.

Hiyo ndiyo toba. Wengi hudhani steringi anajikomboa anapokubali kukaa kwenye nafasi ya baba yake. Mimi nasema anajikomboa pale anapokataa fadhila kubwa kuliko zote ambazo nafasi hiyo ilikuwa inampa.

Laiti watazamaji wote wangetoka na hilo. Filamu inasema weka panga, lakini kamera inapenda sharubu mno, na kuna wimbo wa kuusifu ukoo wa Thevar ambao ni mtamu kiasi kwamba ulitoka kwenye filamu ukaanza maisha yake. Thevar ni jina la jamii halisi, yenye ardhi na nguvu katika wilaya za kusini mwa Tamil Nadu. Wimbo ukawa unapigwa kwenye sherehe na misafara ya watu wa jamii hiyo. Katika miaka hiyohiyo ya tisini wilaya za kusini zilikuwa na mapigano mabaya kati ya watu wa jamii hiyo na Wadalit, wale ambao mfumo wa matabaka ya kuzaliwa uliwaita wasioguswa. Sisemi filamu ndiyo iliyoyaleta. Nasema kwamba wimbo wa majigambo ukipigwa nje ya nyumba yako na watu wanaokudharau, hukumbuki kwamba dakika za mwisho steringi alihimiza shule.

Mmoja wa waliokulia huko ni Mari Selvaraj. Alikuja kuwa mwongozaji wa filamu, akatoa Pariyerum Perumal mwaka 2018 na Karnan mwaka 2021, zote juu ya watu wanaokandamizwa kwa tabaka. Juni 2023, kwenye uzinduzi wa nyimbo za filamu yake ya Maamannan, alisimama jukwaani na kueleza jinsi Thevar Magan ilivyomsumbua tangu zamani, na kwamba filamu hii mpya imetoka humo. Alijiuliza Esakki ni nani, na hadithi ingekuwaje kama mkubwa angekuwa yeye. Kamal Haasan alikuwa ameketi pale ukumbini, mgeni mwalikwa.

Na nani amecheza Maamannan? Vadivelu. Mchekeshaji yule, sasa mtu mzima, uso umejaa mikunjo, hachekeshi hata kidogo. Ni mbunge wa jimbo lililotengewa Wadalit, amechaguliwa kwa kura, lakini mbele ya kigogo wa chama chake husimama. Mwanawe, Athiveeran, ameacha kumsemesha kwa miaka. Utotoni mwana na wenzake waliogelea kwenye kisima cha hekalu, wenzake wakapigwa mawe mpaka kufa, na baba hakupata haki wala hakuishikilia. Naye ana deni.

Tukio kubwa la filamu hiyo ni kiti. Baba na mwana wako nyumbani kwa kigogo kijana, Rathnavelu, anayechezwa na Fahadh Faasil kwa ubaridi wa kutisha. Viti vipo. Mwana ameketi, baba amesimama, mbunge mzima, mikono ameikusanya mbele. Mwana anamwambia baba yake aketi. Hilo tu. Chumba kizima kinageuka vita. Nimeona filamu nyingi za mapigano, lakini sijaona nyingine ambamo mtu kukunja magoti akaketi kunatisha kuliko panga.

Kwa Sakthi, mwana anarithi nafasi na kujikomboa kwa kuiacha. Kwa Maamannan, baba anajikomboa kwa kukubali nafasi aliyokwisha kuipata kwa haki, na anayempa ujasiri ni mwanawe. Filamu hizi zitazamwe pamoja. Ya kwanza peke yake inaweza kukuachia kiburi, na ya pili peke yake haikuonyeshi hasira ilianzia wapi.

Kuna jambo jingine siwezi kulinyamazia. Athiveeran, mwana anayepigania baba mnyonge aketi, amechezwa na Udhayanidhi Stalin, na kampuni iliyotoa filamu ni yake. Baba yake ni M. K. Stalin, aliyekuwa waziri kiongozi wa Tamil Nadu filamu ilipotoka. Babu yake ni M. Karunanidhi, aliyeshika cheo hichohicho mara tano, na ambaye kabla ya hapo alikuwa mwandishi wa filamu. Parasakthi, ile iliyomtoa Sivaji mwaka 1952, maneno yake aliyaandika yeye. Udhayanidhi mwenyewe alikuwa tayari waziri tangu Desemba 2022, na Septemba 2024 akawa naibu waziri kiongozi. Kwa hiyo aliyetuigizia mtu aliyenyimwa kiti ni mtu ambaye kiti kilikuwa kikimngoja tangu azaliwe.

Wapo wanaosema hilo linaichafua filamu. Sikubaliani nao. Fedha na jina lake vimeifikisha hadithi ya Mari Selvaraj kwenye kumbi ambazo pengine isingefika, na kazi ni nzuri. Ila mrithi asisamehewe maswali kwa sababu ametoa filamu nzuri. Kutengeneza hadithi ya haki ni mwanzo tu. Sakthi hakutungiwa wimbo kwa kukubali kwenda jela, alikwenda tu.

Hukumu yangu ni hii. Mrithi hahukumiwi kwa alichopewa, maana hakuomba. Ahukumiwe kwa orodha ya waliolipa ili yeye apewe: je, anaijua, anaitaja, na yuko tayari kuanza kulipa yeye? Asiyeijua orodha hiyo hajatubu, hata alie machozi kiasi gani kwenye skrini. Hilo ni kwa watoto wa wakubwa wa Tamil Nadu na wa kwingineko kote.

Nawe msomaji, ukizipata filamu hizi, anza na ya 1992, kisha ya 2023. Na mtafsiri wa kibanda akitaka kuruka maongezi, mwambieni asubiri, maana pesa mmeshalipa.