Hofu za Kiingereza si moja

Hebu chungulia insha ya Kiingereza ya mwanao. Kila aogopaye humo ana "fear" tu: aliyekutana na nyoka, anayengoja matokeo ya mtihani, hata abiria aliyenusurika ajalini. Mtahini husoma akachoka.

Kiswahili chetu hakichanganyi mshtuko, wasiwasi na kiwewe. Kiingereza nacho kadhalika. Nyoka akikukatizia njia ghafla, hiyo ni "fright", huja na kupita. Anayehesabu siku za matokeo huku usingizi umempaa ana "dread", hofu ya jambo ambalo halijafika. Anayefukuzwa na jambazi mwenye panga ana "terror". Wewe uliyefika baadaye ukaona damu una "horror", maana hiyo ina kinyaa ndani yake. "Panic" ni kile kiwewe cha kutimua mbio usijue uendako. Neno hilo limetokana na Pan, mungu wa Wagiriki wa kale aliyedhaniwa kuwatisha watu porini.

"Afraid" nalo lina vituko vyake. Halikai mbele ya nomino: husemi "an afraid child", sema "a frightened child". Tena ukiomba kazi ukajibiwa "I am afraid the post has been filled", usidhani meneja anakuogopa! Anakutaka radhi tu kwamba nafasi imekwisha. Peleka barua kwingine upesi.

Ama "terrific", zamani lilikuwa neno la kutisha. Siku hizi ni sifa. Mwalimu akiliandika chini ya insha ya mwanao, mpongeze.