Karai la Mahamri na Haki za Nyumba



Sifa njema zote zinamstahiki Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad, jamaa zake na sahaba zake. Ama baad.

Ndugu zetu wasomaji, katika mitaa yetu, kuanzia Mji wa Kale wa Mombasa hadi Lamu, zipo nyumba nyingi zipatazo riziki kwa mahamri, mkate wa sinia na mkate wa mofa. Mama hukanda unga usiku akauacha uumuke, kisha huamka kabla ya adhana ya alfajiri akainjika karai, ili watu watokapo msikitini wakute mahamri ya moto. Hii ni kazi ya halali, tena ya heshima.

Hata hivyo, katika ndoa tunazoletewa tuzisuluhishe, tumeona kuwa ugomvi wa nyumba kama hizi mara nyingi hauanzi kwa chuki, bali huanza kwa hesabu. Biashara ilipokuwa changa, mume alileta masurufu kama kawaida. Ilipostawi, akapunguza kidogo kidogo, pasi na shauri wala makubaliano, hata karai likawa ndilo linalomlisha yeye na wanawe.

Tuchukue mfano. Mama amepika mahamri 200 ya kuuza shilingi 10 kila moja. Unga, sukari, mafuta, nazi, hamira, iliki na gesi vimemgharimu shilingi 1,300. Yakiuzwa yote, faida ni shilingi 700. Lakini nyumba imekula 20 bila kulipiwa, zimebaki 500. Kitoweo cha mchana kimetoka katika kopo lile lile, shilingi 400, imebaki 100. Siku mtoto akiugua, dawa zitanunuliwa kwa fedha za unga wa kesho. Majirani wanaona biashara yenye wateja, kumbe mtaji unaliwa, na mwenye karai anachoka bure.

Sheria yetu iko wazi. Katika Suratun Nisaa, aya ya 32, Mwenyezi Mungu amebainisha kuwa wanaume wana fungu katika walichochuma, na wanawake nao wana fungu katika walichochuma. Aya ya 34 inataja wajibu wa mume wa kutoa katika mali yake. Kwa hiyo chumo la mke ni lake, na kuchuma kwake hakumwondolei mume wajibu wa chakula, mavazi na makazi.

Je, mke akipenda kusaidia? Milango ya kheri haijafungwa. Bibi Zainab, mke wa Abdullahi bin Mas'ud, aliuliza kama inafaa amsaidie mumewe kwa sadaka yake, na Mtume (s.a.w.) akajibu kuwa atapata thawabu mbili, ya ujamaa na ya sadaka. Basi tuzingatie: ikiwa ni sadaka, hutolewa kwa ridhaa, na mpokeaji hushukuru. Haidaiwi kama kodi.

Nayo kazi yenyewe ina mizani yake. Bibi Aisha (r.a.) alipoulizwa Mtume alikuwa akifanya nini nyumbani, alieleza kuwa alikuwa katika kuwahudumia watu wa nyumba yake, na wakati wa Swala ukifika hutoka kwenda kuswali. Mume anayebeba gunia la unga, akakuna nazi au akawaandaa watoto kwenda shule, hajapungukiwa na uanaume, amefuata Sunna.

Watoto nao wasisahauliwe. Kusaidia wazazi ni malezi mema, lakini mtoto anayezungushwa na ndoo ya mahamri hata akachelewa chuoni kila siku, huyo amechukuliwa haki yake.

Tunanasihi mambo manne. Kwanza, fedha za biashara ziwekwe mbali na za matumizi, na kila kinacholiwa nyumbani kiandikwe daftarini. Pili, mume na mke wakae waseme wazi: hiki ni mtaji wa mke, haya ni masurufu ya mume, na mume akitia fedha zake, ijulikane kama ni mkopo, ushirika au zawadi. Mkopo na ushirika viandikwe. Tatu, iwepo saa ya kufunga kazi, wala oda ya harusi isipokewe kabla ya kushauriana na watakaokesha. Nne, ipatikane siku moja katika wiki ambayo karai halipandi jikoni, nyumba ikae pamoja.

Mkate hununuliwa ukaliwa ukaisha siku ile ile. Mapenzi ya nyumba yakiisha hayapatikani dukani. Tunamwomba Mwenyezi Mungu atie baraka katika mikono inayokanda, na huruma katika nyoyo zinazokula. Amin.

Wabillahi tawfiq.