"Usiwaze" Si Dawa ya Mawazo

Kuna neno moja ambalo kila mkazi wa Dar es Salaam amewahi kupewa kama pole, na yeye akampa mwenzake kama pole: usiwaze. Kodi ya miezi sita imefika na mfuko mtupu, usiwaze. Kibarua kimeota nyasi, usiwaze. Umepimwa zahanati ukaambiwa presha imepanda, usiwaze sana, mama, mawazo ndiyo yanayoua. Mwanaume hupewa la kwake, kali zaidi: jikaze, piga moyo konde. Chini ya maneno haya kuna imani iliyoota mizizi Mbagala na Tandale, Keko na Mwananyamala, kwamba hofu ni kama mgeni asiyealikwa, ukimfungia mlango ataondoka. Nasema wazi kwamba imani hiyo ni potofu, na inawaumiza walewale tunaodhani tunawafariji. Hofu haiondoki kwa kufumbiwa macho. Hupungua inapotazamwa kwa utulivu, na hupungua zaidi inapotazamwa mbele ya mtu mwingine.

Kiswahili chenyewe kinalijua jambo hili. Mtu akisema "nina mawazo", hakuna anayedhani kwamba amepata wazo zuri la biashara. Ametaja ugonjwa. Usingizi umekata, chakula hakipiti, kichwa kinagonga. Tunauita msongo wa mawazo, na msongo ni hali ya kusongwa: mawazo yamebanana, yanasukumana, hayana pa kutokea. Kumwambia mtu wa namna hiyo asiwaze ni kumpa amri isiyotekelezeka. Katika utafiti uliochapishwa mwaka 1987, mwanasaikolojia wa Marekani, Daniel Wegner, na wenzake waliwataka wanafunzi wa chuo wakae dakika tano wasimuwaze dubu mweupe, na wagonge kengele kila mara dubu huyo anapowajia akilini. Kengele ziligongwa zaidi ya mara moja kwa dakika. Kilichofuata kinafundisha zaidi, kwa sababu waliporuhusiwa kumuwaza, walimuwaza kuliko wenzao ambao hawakuwahi kukatazwa. Akili iliyowekwa mlangoni kuzuia wazo lisiingie inalazimika kulitafuta kila mara ili ijue kama limeshapita. Mwondoe dubu, weka deni au mtoto mgonjwa, na utaelewa kwa nini anayeambiwa "usiwaze" saa mbili usiku bado yuko macho saa nane.

Mtu atajibu kwamba hofu za mitaani kwetu si dubu wa kubuni. Ni kweli kabisa. Wakazi wa Mbagala wanaijua hofu yenye sababu. Tarehe 29 Aprili 2009 mabomu yalilipuka katika ghala la kambi ya jeshi, watu zaidi ya 20 wakapoteza maisha, na maelfu wakayahama makazi yao. Kabla miaka miwili haijatimia, tarehe 16 Februari 2011, mabomu yakalipuka Gongo la Mboto. Siku hizo miili ya watu ilifanya kazi iliyoumbiwa: moyo ukaenda mbio, damu ikakimbilia miguuni, tumbo likasimamisha shughuli zake, watu wakakimbia, wengi wakapona. Kengele hiyo ya mwili ni neema. Shida ni kwamba mwili hauna kengele ya pili kwa mambo madogo. Ileile iliyolia kwa ajili ya bomu ndiyo inayolia mwenye nyumba anapogonga mlango, au ukuta unapokutwa asubuhi umechorwa alama nyekundu ya X ya kubomolewa. Bomu unalikimbia ukapona. Kodi na deni havikimbiwi kwa miguu, kwa hiyo kengele inabaki ikilia usiku na mchana, na mwili unaoishi na mlio huo kwa miezi huanza kuchakaa.

Itazame kwa karibu siku moja ya marejesho. Mama lishe wa Tandika amechukua kausha damu, mkopo wa riba kubwa unaorudishwa kila wiki, pengine kila siku, na ameweka rehani friji na televisheni. Saa kumi na moja alfajiri amewasha jiko la mkaa, anachambua mchele, simu iliyo juu ya kabati inaanza kutetema. Anaiona namba. Kifua kinabana. Anaigeuza simu kifudifudi, anarudi kwenye mchele, na hakumbuki tena kama ameshauosha. Majirani wamemwambia asiwaze, naye anatii kwa njia pekee anayoiweza: hapokei simu, hafungui daftari, hamwambii mumewe, anakopa huku afunike kule. Kwa siku hiyo anapata nafuu, na nafuu hiyo ndiyo mtego wenyewe, maana inamfundisha kukwepa tena kesho. Baada ya wiki kadhaa deni limezaa deni. Novemba 2024 Benki Kuu ya Tanzania ilitangaza orodha ya majukwaa na programu 69 zilizokuwa zikikopesha watu mtandaoni bila leseni. Taarifa kama hiyo humfaa mtu anayeweza kukaa chini akasoma jina la anayemdai. Aliyegeuza simu kifudifudi haimfikii. Wahenga walishasema kwamba mficha maradhi kilio kitamuumbua, na hofu ni maradhi tuliyofundishana kuyaficha kwa jina la ushujaa.

Ipo njia nyingine. Wataalamu wa nje wameipa majina mengi, lakini sisi tunalo letu la siku nyingi: kuhudhurisha moyo. Maana yake ni moyo uwe pale mwili ulipo, uone kinachotokea bila kukikimbia na bila kukikuza. Mfikirie mtu aliyesimama ndani ya daladala lililotoka Mbagala Rangi Tatu, mkono umeshika bomba la juu, foleni haisogei, na kazini anachelewa kwa mara ya tatu wiki hii. Anajiuliza hofu yake imekaa wapi. Iko kifuani, na taya zimekazana. Analegeza taya. Anausikia uzito wa nyayo sakafuni na ubaridi wa bomba kiganjani. Anavuta pumzi kama kawaida, anaitoa taratibu zaidi ya alivyoivuta, mara kumi, kwa sababu moyo hupunguza mwendo pumzi inapotoka. Akili ikitoroka anairudisha bila kujigombeza. Kisha analitaja wazo kwa jina lake: ninaogopa kufukuzwa. Foleni haijasogea hata hatua moja. Lakini sasa ana hofu moja yenye jina, na hofu yenye jina inaweza kujibiwa: ampigie msimamizi sasa hivi kabla hajafika, aombe kubadilishiwa zamu. Kabla ya hapo alikuwa na wingu zito tu kifuani, na wingu halijibiki.

Ushahidi wa jambo hili upo, na tuupime bila kuupamba. Mwaka 1979 Jon Kabat-Zinn alianza kuwafundisha wagonjwa wa maumivu sugu mazoezi ya aina hii katika kitivo cha tiba cha Chuo Kikuu cha Massachusetts. Tangu hapo yamepimwa mara nyingi. Mapitio yaliyochapishwa mwaka 2014, yaliyokusanya majaribio 47 yenye washiriki 3,515, yalikuta kwamba yanapunguza wasiwasi na sonona, kwa kiasi kidogo hadi cha kadiri. Jaribio la Marekani lililochapishwa mwaka 2022 liliwagawa watu 276 wenye maradhi ya wasiwasi, baadhi wakapewa mafunzo ya wiki nane na wengine dawa ya escitalopram, na makundi yote mawili yakapata nafuu inayolingana. Hakuna muujiza hapo. Ni nafuu halisi, na kitu kinacholeta nafuu bila kudai nauli wala ada kinastahili kupewa nafasi katika mitaa yetu.

Hoja ya kwanza ya wapinzani ni kwamba haya ni mambo ya Wazungu na ya wenye nafasi. Lakini Muislamu anayefundishwa khushuu, kwamba sala ya mwili usio na moyo ina upungufu, ameyajua haya tangu madrasa. Mkristo aliyekwenda mafungo akakaa kimya siku nzima anayajua pia. Na kwa anayetaka mfano wa Afrika, aende Harare, Zimbabwe. Daktari wa akili Dixon Chibanda alianza mwaka 2006 na mabibi 14 wa kitongoji cha Mbare, akawafundisha kukaa na wagonjwa kwenye benchi nje ya zahanati. Ugonjwa wenyewe Washona wanauita kufungisisa, yaani kuwaza kupita kiasi, nao ni mawazo yetu haya haya. Hatua ya kwanza ya tiba yao inaitwa kuvhura pfungwa, kufungua akili. Bibi hasemi usiwaze. Anauliza unawaza nini, anasikiliza mpaka mwisho, kisha wanachagua tatizo moja la kuanza nalo. Utafiti wa mwaka 2016 uliohusisha watu 573 kutoka zahanati 24 ulionyesha kwamba baada ya miezi sita, waliokalia benchi wenye dalili za sonona hawakufika asilimia 14, huku wale waliopata huduma za kawaida wakikaribia nusu. Benchi hilo limeshafika Zanzibar. Mazungumzo ya benchi na zoezi la pumzi ni vitu viwili, lakini mlango wake ni mmoja: kulitazama linalokuogopesha.

Hoja ya pili ni nzito zaidi, na inastahili heshima: marejesho hayalipwi kwa pumzi. Anayesema hivyo amesema kweli. Riba ya kinyonyaji ni dhuluma, kodi ya miezi sita kwa mkupuo ni mzigo, na hakuna utulivu wa moyo unaobadili tarakimu hizo. Lakini tuangalie hofu ya fedha inavyofanya kazi. Watafiti waliwapima wakulima 464 wa miwa katika jimbo la Tamil Nadu, India, kabla ya mavuno wakiwa wamekaukiwa na baada ya mavuno wakiwa na fedha, wakachapisha matokeo mwaka 2013. Watu walewale walifanya vizuri zaidi kwenye majaribio ya akili baada ya mavuno. Ufukara ulikuwa umekalia sehemu ya akili yao. Kwa hiyo maskini ndiye mwenye haja kubwa zaidi ya akili iliyotulia, maana kosa moja la hesabu linamgharimu kuliko tajiri. Na kuitazama hofu si kuikubali dhuluma. Mama lishe anayetulia akahesabu ndiye atakayegundua kwamba ameshalipa mara mbili ya alichokopa, na ndiye atakayesimama kulalamika. Ninachokataa, pamoja na wapinzani, ni utulivu kugeuzwa kuwa sera ya bei rahisi. Uingereza waliwafundisha mazoezi haya maelfu ya wanafunzi wa sekondari, na utafiti mkubwa wa mwaka 2022 haukuona faida zaidi ya masomo ya kawaida ya malezi. Jambo linalomtaka mtu aukabili moyo wake mwenyewe halifai kugawiwa kama sare za shule, na kiongozi asilitumie kukwepa wajibu wake wa kuwadhibiti wakopeshaji.

Hoja ya tatu husema wazee wetu walijikaza na wakaishi. Naomba tuwakumbuke vizuri zaidi. Wazee hao ndio waliotuachia matanga. Mtu akifiwa, watu hukaa naye mkekani siku tatu na zaidi, na kila anayeingia huuliza: alianza kuumwa lini, mlimpeleka wapi, alisema nini mwisho? Mfiwa anasimulia, anasimulia tena, na kila akisimulia maumivu yanapata umbo ambalo anaweza kulibeba. Huo ni ujuzi mkubwa wa kukaa na jambo zito bila kulikimbia. Tunaupa msiba wa kifo haki hiyo, kisha tunaunyima msiba wa kila siku wa deni, ndoa na ajira. Na anayesema Mungu anatosha hapingani nami, kwa kuwa mafundisho ya kumfunga ngamia kwanza ndipo utawakali yanajulikana kila msikiti. Huwezi kumfunga ngamia usiyetaka kumtazama.

Mipaka ipo. Asiyelala kwa wiki kadhaa, anayesikia sauti, anayetamani kufa, huyo apelekwe hospitali, na hospitali za rufaa za Temeke na Mwananyamala zipo karibu kuliko aibu inavyotufanya tudhani. Aliyepitia jambo la kutisha sana anaweza kuzidiwa akifumba macho peke yake, basi ayafumbue na awe na mtu. Lakini sensa ya mwaka 2022 ilihesabu watu 1,346,674 Temeke na 982,328 Kinondoni, na hakuna jeshi la madaktari litakalomfikia kila mmoja wao usiku ule hofu inapomfikia. Atakayemfikia ni jirani, mwenyekiti wa kikoba, imamu, mchungaji, kinyozi. Hao ndio ninaowasihi waliache neno "usiwaze" na kuuliza "unawaza nini?", kisha wakae kimya wasikie jibu. Kikoba kinaweza kuanza kikao chake kwa dakika tano za utulivu kabla ya kuhesabu marejesho, na kila mwanachama akataja linalomsumbua bila kuchekwa. Siku mama lishe wa Tandika atakapoulizwa hivyo, ataichukua ile simu kabatini, ataigeuza, ataisoma namba, na deni lake litakuwa na tarakimu anayoweza kuitamka mbele ya mtu.