Mlango wa nje: joto, upepo na sitara ya nyumba



Ndugu msomaji, dada mmoja anayefuatilia ukurasa huu kutoka Mbagala ametuandikia swali ambalo, kwa jinsi kaskazi ya mwaka huu inavyochoma, nimeona lijibiwe hadharani. Yeye na mumewe wanamalizia nyumba yao, na fedha iliyobaki inatosha mlango mmoja wa maana wa mbele. Mume anataka mlango wa chuma ulioletwa kutoka nje, kwa ajili ya usalama, na kwa kuwa muuzaji amemhakikishia kwamba mlango huo huzuia joto na kupunguza matumizi ya umeme. Mke anataka wa mbao. Sebuleni hushinda mama mkwe, mtu mzima mwenye maradhi ya shinikizo la damu, pamoja na mjukuu wake wa miezi minne. Umeme wa LUKU huisha kabla mwezi haujaisha. Dada anauliza ni nani kati yao aliye sahihi.

Jibu langu litawaudhi kidogo wote wawili, kwa hiyo nitaanza na lile ambalo halina ubishi. Chuma hupitisha joto zaidi ya mara 200 kuliko mbao ngumu ya unene uleule, na aluminiamu huipita hata chuma, takriban mara tatu au zaidi. Mlango wa bati la chuma uliopakwa rangi nyeusi na kuelekezwa magharibi huanza kupokea jua la moja kwa moja baada ya adhuhuri, na ifikapo alasiri uso wake wa ndani huwa kama kikaango kilichosimamishwa ukutani. Mtoto akiugusa atalia. Ubao wa mninga au mvule wenye unene wa inchi moja na nusu, ukiwa mahali hapohapo, huwa vuguvugu tu kwa upande wa ndani.

Muuzaji naye hakusema uongo mtupu. Ipo milango ya chuma yenye povu gumu katikati ya mabati mawili, na povu hilo huzuia joto vizuri kuliko hata mbao. Shida ni kwamba mingi inayouzwa kwa bei ya kawaida haina povu hilo. Baadhi hujazwa karatasi ngumu iliyofumwa kama sega la nyuki, na mingine ni mitupu. Mnunuzi ana haki ya kuuliza ndani kuna nini na kuomba kuonyeshwa kipande kilichokatwa. Asipopewa jibu, na agonge kwa vifundo vya vidole: sauti ya debe tupu humaanisha debe tupu.

Hata hivyo, tuwe wakweli kuhusu ukubwa wa jambo lenyewe. Mlango wa upana wa sentimita 90 na urefu wa sentimita 210 haufiki mita mbili za mraba. Paa la mabati juu ya sebule hiyohiyo lina mita za mraba 15 au 20, nalo hupigwa na jua tangu asubuhi mpaka jioni. Ikiwa nyumba ya dada yetu bado haina dari, basi fedha ya mlango wa kifahari ingefanya kazi kubwa zaidi ikinunua dari kwanza, na mlango wa kawaida ukasubiri. Najua kwamba dari haionekani na wageni na mlango huonekana. Wengi wetu tumejenga kwa kuufuata mpangilio huo.

Kwa nini basi nishughulike na mlango hata kidogo? Kwa sababu katika pwani yetu mlango una kazi ambayo paa haliwezi kuifanya, nayo ni kuingiza upepo. Hapa ndipo ushauri tunaoletewa kutoka mbali unapotupoteza. Tuna ndugu wengi Muscat na Dubai, nao wanaporudi likizo hutusifia nyumba zilizozibwa kila upenyo, na milango yenye mpira pembeni ambayo ikifungwa haiingizi hata vumbi. Kwa huko wana haki kabisa. Kiangazi cha Muscat hupita nyuzi 40 za Selsiasi, yaani hewa ya nje ni ya moto kuliko ngozi ya mwanadamu, na kufungua mlango adhuhuri ni kujikaribishia tanuri. Hewa ya Dar es Salaam, Tanga au Mombasa katika miezi ya kaskazi hufika nyuzi 32 hivi. Hiyo bado iko chini ya joto la ngozi, na kinachotutesa zaidi ni unyevu wa jasho lisilokauka. Hewa hiyo ikitembea juu ya ngozi, jasho hukauka na mwili hupoa. Ikisimama, mtu hupikwa kwa mvuke wake mwenyewe.

Kwa hiyo mlango wa nje unaookoa umeme katika nyumba ya pwani isiyo na kiyoyozi ni ule unaoweza kukaa umefunguliwa. Feni ya kawaida hutumia wati 50 hadi 75. Kiyoyozi kidogo cha chumba kimoja, mashine yake inapofanya kazi, hutumia wati 800 hadi 1,000. Familia inayoweza kupitisha upepo toka mlango wa mbele hadi wa nyuma huishi na feni. Familia iliyojifungia huanza kufikiria kiyoyozi, na kikishanunuliwa hakiachiki.

Sasa, dada yangu atasema: nitafunguaje mlango unaotazama kichochoro cha watu wote, nami nimekaa na wifi zangu bila baibui? Hilo ni swali la haki, na ndilo ambalo wauzaji wa milango hawaulizi. Sitara ya nyumba ni amri, na kuomba idhini kabla ya kuingia kumetajwa katika Surat An-Nur. Lakini wazee wetu walikuwa na sitara hiyohiyo na hawakufa kwa joto. Tazama nyumba za mawe za Lamu. Mgeni hupokewa kwanza katika daka, kibaraza chenye paa na viti vya mawe mbele ya mlango. Akivuka mlango hujikuta katika tekani, ukumbi mdogo uliopindishwa kiasi kwamba mlango hata ukiwa wazi kabisa aliye njiani haoni kiwanda, yaani ua wa ndani, sembuse wanawake waliomo. Daka huukinga mlango na jua na mvua, tekani huzuia jicho, na hewa hupanda kupitia ua uliowazi juu.

Kule Mji Mkongwe wa Unguja, milango mingi ya nakshi ina mabamba mawili mazito yanayokutana kwenye mfaa. Watalii huipiga picha kwa ajili ya nakshi na misumari ya shaba, lakini fundi wa nyumba na atazame juu zaidi. Mingi ina upenyo juu ya kizingiti cha juu, wa nusu duara au wa mstatili, wenye vyuma au mbao zilizochongwa. Hewa ya moto hupanda, na upenyo huo huitoa hata usiku mlango ukiwa umekomewa. Nyumba zetu za matofali zimeuziba, au zimeuwekea kioo kisichofunguka ili uonekane wa kisasa.

Kiwanja cha futi 40 hakitoshi tekani, nakubali. Lakini mambo matatu ya wazee hao yanaingia katika nyumba ya Mbagala bila gharama ya kutisha. La kwanza ni kivuli: kibaraza cha mita moja na nusu mbele ya mlango. La pili ni tundu la hewa juu ya fremu, lenye wavu wa mbu na nondo. La tatu, ambalo nalipenda kuliko yote, ni kuwa na milango miwili katika fremu moja. Wa ndani ni wa mbao nzima, wa kufungwa usiku na wakati wa safari. Wa nje ni wa luva, yaani vipande vya mbao vilivyolazwa mshazari kwa kuinamia nje, wenye komeo madhubuti na wavu wa mbu kwa ndani. Mchana wa mbao hufunguliwa na wa luva hubaki umefungwa. Mpita njia akitazama huona mbao tupu, upepo wa kaskazi unapita, na mama mkwe anasinzia kitini pake. Pazia la mlangoni lililozoeleka kwetu hufanya nusu ya kazi hiyo, ila likiwa zito huuzuia upepo, na likiwa jepesi upepo hulipeperusha na sitara ikaondoka.

Upepo unaoingia lazima upate pa kutokea. Mlango wa mbele ukiwa wazi na nyuma kumezibwa kote, hewa husimama mlangoni kama mgeni asiyeitikiwa hodi.

Mwelekeo nao ni muhimu kuliko aina ya mbao. Dar es Salaam jua hupita utosini mwanzoni mwa Machi na tena katika wiki ya pili ya Oktoba, na mwaka mzima haliegemei mno kaskazini wala kusini. Ukuta unaotazama pande hizo mbili hukingwa vyema na ukingo wa kawaida wa paa. Mashariki na magharibi jua huja kwa chini na kulipenya kivuli hicho, na la magharibi ndilo baya kwa kuwa hukuta nyumba imekwisha kupata joto. Ambaye hajapiga msingi na achague. Ambaye amekwisha kujenga akitazama magharibi, na apande mti au ajenge kibaraza chenye ukuta wa matofali ya matundu, na apake mlango rangi nyeupe au ya maziwa. Mlango wa kioo na aluminiamu kwa upande huo siushauri hata kwa zawadi. Jua hupita kwenye kioo na kuingia ndani, na pazia la ndani hulipokea joto likiwa limekwisha kuvuka mpaka.

Nije kwenye mbao zenyewe. Mninga una sifa adimu ya kutovimba wala kusinyaa sana majira yanapobadilika, ndiyo maana mlango wake haukwami masika. Mvule na mkongo huvumilia mchwa na mvua. Mbao za misindano ni rahisi, nazo zinafaa chini ya kibaraza zikipakwa rangi vizuri pande zote sita, pamoja na ukingo wa juu na wa chini ambao mafundi wengi huusahau na ndiko maji yanakoingilia. Milango ya MDF ibaki vyumbani. Ikinyeshewa huvimba kama mkate uliolowa. Na ubao wowote ukiwa mbichi utapinda, hata ukiwa wa mninga.

Wenzetu wa Lushoto, Njombe na nyanda nyingine za baridi waligeuze jambo hili. Kwao mwezi wa Julai mlango mzito usio na upenyo ndio unaofaa.

Vilevile, nyumba yenye kiyoyozi katika chumba kimoja ina hesabu yake. Mlango wa chumba hicho lazima uzibwe. Upenyo wa sentimita moja chini ya mlango wa sentimita 90 ni sawa na tundu la sentimita 9 kwa 10 ukutani, na hewa baridi, kwa kuwa ni nzito, hutokea hapohapo chini. Mpira au brashi ya kupigilia chini ya mlango hugharimu kidogo mno ukilinganisha na umeme unaomwagika. Cha kusikitisha ni kuwaona watu wakibadili mlango wa barazani ilhali kiyoyozi kiko chumbani na upenyo uko uleule.

Na kuhusu hofu ya mume, siipuuzi. Wezi wapo, na aliye na mama mzee na mtoto nyumbani ana sababu ya kutolala. Lakini usalama wa mlango hukaa zaidi katika fremu, bawaba na kitasa kuliko katika bamba. Mlango wa mbao ngumu wenye bawaba tatu nzito, fremu iliyofungwa ukutani kwa vyuma, na makomeo mawili, juu na chini, hauvunjiki kwa teke. Akitaka grili, aiweke nje ya huo wa luva. Sharti langu ni moja: usiku ifunguke kutoka ndani bila kutafuta ufunguo uliofichwa kabatini. Moto ukizuka, kufuli hilo ndilo litakalowazuia wenye nyumba, na bibi wa miaka 70 hataweza kuruka dirisha lenye nondo.

Basi nawashauri hivi. Dari kwanza, kama haipo. Kisha fremu pana yenye tundu la hewa juu, mlango wa mbao kavu kwa ndani na wa luva kwa nje, na grili ikibaki fedha. Kwa seremala, mkubaliane kabla ya malipo ya kwanza: mbao zikaguliwe mkiwapo nyote wawili, fremu isimamishwe kabla ya plasta, na sehemu ya mwisho ya malipo ibaki mkononi mpaka mlango uone masika yake ya kwanza. Seremala akiikataa sharti hiyo ya mwisho, mwulizeni mbao zake zilikatwa lini.